Namna ya Kumpendekezea Mwenzio Filamu

Wasomaji wa Kirando, na wenzao wa Kipili, Namanyere na Sumbawanga mjini, wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa sura nyingi: mtu ameiona filamu ikamkaa moyoni, au ameifuata tamthilia hadi sehemu yake ya mwisho, naye angependa rafiki, jirani au mzazi wake apate kuiona pia, lakini kila akiieleza, ama msikilizaji hupiga miayo, ama huitazama kisha akarudi na lawama, ama hukasirika kwa kuwa ameambiwa mwisho kabla hajauona mwanzo. Wako pia wanaouliza kinyume chake, yaani namna ya kumwambia mtu kuwa filamu anayoihusudu ina kasoro, bila ya kuuvunja ujirani. Madhali maswali haya hayakomi, nimeona ni insafu niyajibu kwa pamoja.

Jambo nililo nalo ni moja, na mengine yote ni matawi yake. Pendekezo la filamu ni la yule anayepewa, wala si la yule anayelitoa. Wewe umekwisha kufaidi. Mwenzio ndiye atakayetoa saa zake, fedha zake za kifurushi au za kiingilio cha banda la video, na pengine utulivu wa sebule yake, kwa kuliamini neno lako tu. Basi maneno yako na yaelekee haja zake, hali yake na watu wa nyumbani kwake, kabla ya kuelekea furaha uliyoipata wewe.

Kabla hujafungua kinywa

Watu wengi huanza kusema wakiwa bado wana joto la filamu, wametoka bandani dakika tano zilizopita, macho yangali mekundu. Hapo husema “Ni kali mno, kaitazame!” na maneno hayo, ingawa ni ya kweli, hayamfai msikilizaji kwa lolote, kwa maana hayamwambii kama kali hiyo ni ya mapigano, ya mapenzi, ya vichekesho au ya kutisha. Ngoja kidogo, hata kama ni usiku mmoja, kisha ujiulize haya:

- Nani hasa ninataka aione, na ni kipi anachokipenda kwa desturi yake, siyo ninachokipenda mimi?
- Ina muda gani? Ni filamu ya saa moja na nusu, au ni sizoni yenye sehemu mia?
- Inasemwa lugha gani, na kama imefasiriwa, imefasiriwa na nani?
- Yaweza kutazamwa mbele ya mkwe?
- Ataipata wapi kwa halali, na kwa gharama gani?
- Niliiona yote, au nililala katikati?

Swali la mkwe si la mzaha, nami nalisisitiza kuliko mengine. Katika nyumba zetu televisheni hukaa sebuleni, sebule ni ya wote, na mara nyingi mkwe, au baba mdogo, au shangazi aliyeshuka kutoka uwandani huwa ameketi papo hapo akinywa chai. Filamu yenye dakika mbili tu za faragha yaweza kumfanya mwenzio ainuke ghafla akatafute kidhibiti, na aibu ile ataikumbuka kwa jina lako. Basi sema mapema: “Ina kipande kimoja, kitazame ukiwa na mkeo tu.” Neno hilo fupi humwondolea mwenzio fadhaa kubwa.

Msomaji mmoja ameniandikia kuwa maswali haya ni mengi mno kwa jambo la starehe. Sikatai kuwa ni starehe. Walakini ukiyazoea, huyapitia yote kwa muda wa kufunga kamba za viatu.

Wakati wa kusema

Mji wetu una saa zake. Anayekwenda ziwani magharibi na kurudi alfajiri hulala mchana, na ukimfuata saa nne asubuhi kumweleza habari za tamthilia utakuwa umemnyang'anya usingizi. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki penye taa, na wavuvi hupumzika ufukweni kwa siku kadhaa. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za kupendekeza filamu kwa mvuvi, na hasa sizoni ndefu, kwa kuwa ana usiku kadhaa mfululizo wa kuifuata bila ya kukatizwa.

Kuna majira mengine ya kutahadhari nayo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Katika muda kama huo mvuvi ana wakati tele na fedha haba. Usimwambie basi habari za filamu inayohitaji kifurushi kikubwa. Mwambie ile inayoonyeshwa katika televisheni ya jirani, au iliyokwisha kuwamo katika simu yako, mkaitazame pamoja.

Kwa walioko kazini Sumbawanga au Namanyere, jioni ya Ijumaa yatosha. Sina zaidi la kusema hapo.

Sema inahusu nini, usianze na nchi ilikotoka

Kosa nilionalo kila siku ni la kuanza na utaifa: “Ni ya Kikorea,” “Ni ya Kituruki,” “Ni ya Kihindi.” Msikilizaji akishakuwa na chuki na picha za nchi hiyo, masikio yake yamefungwa, hata kama hadithi yenyewe ingemfaa kuliko zote.

Mfano mwema ni ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, *Doudou na Mama Wakwe Zake*. Lau ungemwambia mama wa hapa Kirando kuwa kuna mchezo wa Kichina wa watu wa Beijing wasio na mapigano, angekuuliza anautakia nini. Lakini ukimwambia kuwa ni habari za mkazamwana aliyeolewa akajikuta ana mavyaa wawili, yule aliyemzaa mumewe na yule aliyeolewa baadaye na baba mkwe, na kila mmoja ana haki zake na maneno yake, huyo mama ataketi kabla hujamaliza. Mambo ya mavyaa na mkazamwana hayana haja ya pasipoti.

Vivyo hivyo kwa *Sultan*, tamthilia ya Kituruki ambayo Azam TV waliitia sauti za Kiswahili. Kwa mpenda hadithi za jumba la kifalme, sema kuwa ni habari za kijakazi aliyeletwa utumwani katika jumba la Sultani Suleiman na akapanda daraja kwa akili zake. Kwa mpenda tarehe, sema kuwa ni ya karne ya 16, Suleiman aliyetawala tangu 1520 hadi 1566. Kisha ongeza, kwa uaminifu, kuwa ni hekaya iliyojengwa juu ya tarehe, asije akaitumia kujibia mtihani. Na kwa kila mtu, sema urefu: toleo la asili lina sehemu 139. Asiyeambiwa jambo hili huanza kwa shauku, akafika ya ishirini, akaona kuwa safari ingali mbali, akakata tamaa na kukulaumu.

Usikate uhondo

Hapa sitaharakisha, kwa kuwa malalamiko mengi yaliyonifikia ni ya watu waliokatiwa uhondo.

Kukata uhondo si kutaja mwisho peke yake. Mtu husema, “Sikuambii mwisho, lakini usimwamini yule rafiki yake,” naye hudhani ameficha siri, ilhali ameitoa yote. Tangu hapo mtazamaji hatamwangalia rafiki huyo kwa jicho la kawaida hata dakika moja. Mwingine husema, “Stelingi haponi,” akidhani ni habari ndogo. Mwingine hucheka kila mhusika fulani anapotokea, na kicheko hicho ni maneno kamili. Kuna hata anayekaa nyuma ya wenzie bandani na kusema “Ngoja sasa, ngoja!” kabla ya kila tukio. Huyo asitazame na watu filamu aliyokwisha kuiona.

Kanuni ninayowapa ni hii: eleza robo ya kwanza tu. Mtaje mhusika, mahali alipo, na tatizo lililomfika, hapo funga. Robo ya kwanza ndiyo iliyotengenezwa na mwenye filamu kwa ajili ya kumnasa mtazamaji, na ikiwa haimnasi mwenzio, haitamfaa kumsimulia robo ya nne.

Mtauliza: “Je, kama mambo yenyewe ni ya tarehe, yanajulikana na kila mtu?” Yale yaliyompata Ibrahim, waziri wa Suleiman, yamo vitabuni kwa karne nyingi, na mwenye kutaka kuyajua atayajua. Hata hivyo usiyataje. Mtu aweza kuwa hajasoma kitabu hicho, na hana deni kwako la kuwa amekisoma. Akikuuliza mwenyewe kwa kinywa chake, “Niambie tu, siwezi kungoja,” muulize tena mara ya pili. Akishikilia, mwambie, kwa kuwa pendekezo ni lake.

Na mtauliza tena: “Je, filamu ya zamani nayo ina siri?” Ina siri kwa kila asiyeiona. Kijana wa miaka kumi na minane akiitazama leo filamu ya marehemu Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 7, 2012, kwake ni mpya kama iliyotoka jana.

Katika makundi ya simu, hatari ni kubwa zaidi, maana ujumbe mmoja husomwa na watu hamsini wasiofika sehemu moja. Fanyeni hivi:

- Andikeni kwanza jina la tamthilia na namba ya sehemu, kisha mruke mistari kadhaa kabla ya maoni yenyewe, ili asiyefika hapo apite.
- Msitume picha ya tukio la mwisho.
- Msiweke siri katika ujumbe wa sauti, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuruka asichokijua.

Taja mfasiri

Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo katika mabanda yetu ndilo linaloleta mfarakano mkubwa kuliko yote. Filamu moja huja kwetu katika sura tatu tofauti, na anayeipendekeza bila kutaja sura aliyoiona ni sawa na kutaja chakula bila kutaja kilivyopikwa.

- Sura ya kwanza ni ya asili, yenye maandishi chini. Hii yahitaji macho mazima na usomaji wa haraka, na aghalabu maandishi hayo ni ya Kiingereza.
- Ya pili ni ile iliyotiwa sauti, ambapo kila mhusika ana msemaji wake wa Kiswahili, kama *Sultan*. Hii ni rahisi kwa wazee na kwa watoto.
- Ya tatu ni ile ya kutafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja juu ya sauti ya asili: kazi za Lufufu na DJ Mark hapa Tanzania, DJ Afro huko Kenya, na kwa Kiganda VJ Jingo huko Uganda.

Hawa wa sura ya tatu ni wasimulizi wenye sanaa yao wenyewe, na mimi sikubaliani na wanaowadharau. Hawafuati neno kwa neno. Hufafanua, huonya, huchekesha, huongeza nasaha zisizokuwamo, na wakati mwingine humtia mhusika maneno ambayo hakupata kuyasema. Filamu ya huzuni yaweza kutoka mikononi mwao ikiwa na vicheko, na ya mapigano matupu ikawa na mafunzo. Basi yule aliyecheka hadi machozi kwa kuisikiliza sauti ya DJ Afro, akaenda kumsifia mwenzake filamu ile kwa jina lake tu, na mwenzake akaipata ile ya asili isiyokuwa na kichekesho hata kimoja, atakuwa amempa kitu kingine kabisa. Sema: “Niliyoiona mimi ni ya DJ Afro; ya asili sijaiona.” Uaminifu ulioje katika maneno machache!

Anayependa mapigano na hataki maneno mengi, mpe ya asili. Anayetaka kuketi na wenzake bandani wakicheka pamoja, mtafutie iliyotafsiriwa. Na ndugu zetu wa ng'ambo, wa Moba na Kalemie, wanaovuka kuja sokoni, usidhani kuwa Kiswahili cha mfasiri wa Dar es Salaam kitawaingia chote kwa urahisi, waulize kwanza.

Mfano kwa ukamilifu

Wengi wameomba niandike pendekezo moja neno kwa neno. Tuseme unataka kumvutia mzee wa hapa, aliyepata kusafiri katika meli ya Liemba ujanani mwake, aione filamu ya Kimarekani na Kiingereza iitwayo *The African Queen*. Ukianza na jina la mchezaji Humphrey Bogart au la mwongozaji John Huston, umempoteza. Anza hivi:

“Shikamoo, mzee. Kuna picha ya mwaka 1951 inayohusu vita vya Wajerumani na Waingereza katika nchi yetu hii. Dada wa mmisionari na nahodha mmoja wa kimashua cha mvuke wameshikwa na vita porini, nao wanateremka na mto mbaya kuelekea ziwani, ambako meli ya kivita ya Mjerumani ndiyo inayotawala maji. Husemwa kuwa meli hiyo ya kwenye hadithi imechukuliwa mfano wa *Graf von Götzen*, ndiyo hiyo Liemba uliyoipanda. Ni ya saa moja na dakika arobaini na tano. Imesemwa kwa Kiingereza, basi nitaketi kando yako nikueleze. Hakuna la kukuaibisha mbele ya wajukuu, ila nahodha hunywa pombe sana. Watu weusi wameonyeshwa kidogo, na kwa jicho la Wazungu wa zama zile. Hilo lilinikera, na huenda likakukera na wewe.”

Tazameni yaliyomo: salamu yenye taadhima, robo ya kwanza ya hadithi, kinachomuunganisha mzee na filamu, muda, lugha pamoja na msaada, tahadhari kwa ajili ya wajukuu, na kasoro iliyotajwa bila kufichwa. Mwisho wa meli ile ya hadithi haukutajwa. Hapo mzee mwenyewe atapata nafasi ya kueleza mwisho wa ile ya kweli: kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 isitwaliwe na adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwachie aeleze yeye, usimtangulie.

Lipo neno moja la kuongeza kabla hajaketi. Filamu hiyo ilipigwa Kongo na Uganda, wala si katika ziwa letu. Mwambie mapema, asije akakaa muda wote akivitafuta vilima vya Kirando kwenye kioo.

Kwa mzee ambaye hataki kusikia Kiingereza hata kidogo, elekeza mazungumzo kwenye picha za Kiswahili za siku zake. *Muhogo Mchungu* ya mwaka 1952, iliyomwonyesha Rashidi Kawawa miaka kumi kabla hajawa Waziri Mkuu, ni kisa cha kuzungumziwa hata kama nakala yake haipatikani.

Filamu zenye kugusa majeraha

Filamu nzuri yaweza kumdhuru mtu mwema. *Supa Modo*, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ni miongoni mwa kazi zilizonigusa kuliko nyingi za Afrika Mashariki: msichana mdogo aitwaye Jo, mpenzi wa filamu za mashujaa, ana maradhi yasiyo na dawa, na kijiji chake kinaamua kumtimizia ndoto ya kuwa shujaa wa filamu. Haifiki saa moja na nusu, na inazungumza na kila mtu aliyepata kukaa katika banda la video. Lakini usimpelekee mzazi aliyezika mtoto bila kumwambia maneno haya waziwazi: “Mtoto ni mgonjwa tangu mwanzo.” Hilo halikati uhondo, kwa kuwa filamu yenyewe hailifichi. Mwache achague.

Kwa mambo kama haya mimi huvunja hata kanuni yangu ya robo ya kwanza. Ikiwa ndani ya robo ya tatu kuna kuzama majini, na unayemwambia amempoteza ndugu ziwani, mwambie kuna kuzama majini. Siri ya filamu haina hadhi ya kupita simanzi ya mtu.

*Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ina tahadhari ya namna nyingine. Ni habari za kijana Mwas, anayetoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kuangukia katika genge la wezi. Ina damu, matusi na mambo ya usiku, na haifai kwa watoto hata kidogo. Nawahimiza hata hivyo watu wazima waione, hasa wenye mabanda na wenye kuuza filamu, kwa ajili ya mwanzo wake: Mwas anauza filamu kijijini kwa kuigiza vipande vyake mbele ya wateja, kwa mwili na kwa sauti, mpaka mtu anunue. Huigiza vile vya kushika moyo tu, kisha hunyamaza.

Kitabu na filamu

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameisoma riwaya ya Adam Shafi, *Vuta n'kuvute*, nao wakisikia kuwa Amil Shivji ameitengenezea filamu mwaka 2021, huuliza kama yafaa kuitazama ili kujiandaa na mtihani. Jibu langu ni kwamba yafaa kwa mapenzi ya sanaa, haifai badala ya kitabu. Filamu huchagua machache na kuacha mengi. Ukiipendekeza, usiseme “Ni kitabu kilekile,” wala usiseme “Wamekiharibu kitabu.” Sema ulichokiona: Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin aliyekimbia ndoa asiyoitaka, Denge na harakati zake, na ueleze jinsi nuru, mavazi na sauti zilivyotumika. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka huohuo 2021, na kwa mwanafunzi hilo ni fahari ya kutosha kumvuta.

Namna ya kusema ubaya

“Bongo Movie zote ni mbovu.” Maneno haya nayasikia kila wiki, nayo hayana mantiki, kwa kuwa msemaji hajaziona zote. Anayekuomba maoni ya filamu ya Kitanzania anastahili jambo mahususi. Badala ya kuihukumu filamu nzima, chagua kimoja:

- Sauti: je, maneno yanasikika, au upepo na magari yamefunika?
- Mwendo: kuna tukio la mtu kufungua geti, kuegesha gari, kushuka na kuingia ndani, dakika nne bila sababu?
- Mchezaji: yupi alikufanya usahau kuwa anaigiza?
- Mwisho: umekamilika, au umekatwa ili kuuza sehemu ya pili? Filamu nyingi za zama za diski ziligawanywa hivyo, na ni wajibu wako kumwambia mwenzio kuwa sehemu ya pili ipo, asije akakesha na nusu ya hadithi.

Na ikiwa mwenzio anaihusudu filamu usiyoipenda, anza kwa kuuliza nini kilichompendeza. Mara nyingi utakuta mmeangalia vitu viwili tofauti katika picha moja: yeye alitazama mavazi ya bibi harusi, wewe ulitazama mantiki ya polisi. Hapo hapana ugomvi tena. Lakini usijitie kuipenda kwa ajili ya adabu, kwa maana kesho atakuletea nyingine kumi za namna ileile, na utazitazama zote.

Makosa mengine, kwa ufupi

- Kupendekeza filamu uliyosikia habari zake tu. Sema “nimeambiwa,” usiseme “nimeona.”
- Kutoa alama, nane kwa kumi, bila ya maelezo. Nane yako si nane yangu.
- Kupendekeza filamu saba kwa siku moja. Mtu hubaki bila hata moja. Toa moja, ungoje.
- Kumwelekeza mtu kwenye nakala ya wizi. Waliotengeneza filamu wana haki zao, COSOTA ipo kwa ajili hiyo, na mwenye banda akishikwa hutamlipia wewe.
- Kupuuza daraja la umri. Bodi ya Filamu huliweka kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, nawe ukiona limeandikwa, litaje pamoja na jina la filamu.
- Kuuliza kila asubuhi, “Umeitazama?” Uliza mara moja, baada ya siku kadhaa.

Akirudi na lawama

Hata ukiyafuata yote haya, siku moja mwenzio atarudi na kusema, “Ulinipotezea usiku wangu.” Usianze kujitetea, wala usimwambie kuwa hakuielewa, neno hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha watu kuliko filamu yenyewe. Msikilize hadi mwisho. Pengine alipewa nakala yenye sauti mbovu, au umeme ulikatika katikati, au aliitazama na watoto wakimpigia kelele, na hapo ubaya si wa filamu wala si wako. Pengine hakuipenda kwa haki kabisa, na umejifunza jambo juu yake ambalo hukulijua.

Muulize aliishia wapi, na ni nini kilichomchosha: urefu, maneno mengi, au huzuni. Andika jibu lake katika daftari au katika simu yako, kando ya jina lake, likuongoze utakapomchagulia nyingine. Na kama kwa sasa hataki nyingine kutoka kwako, muulize yeye ameona nini siku hizi, kisha kaitafute, uitazame yote, na urudi umpe majibu.